Mkono wa Bibi Yangu

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu zako zimefika. Hapa Mashewa tu wazima, na mahindi yamebeba. Unauliza kama watu hubadilika kwa kuhimizwa na bwana afya.

Enzi za Mdachi, daktari alikuja na askari kuchanja ndui. Askari walipofoka, kijiji kizima tulikimbilia mahindini. Bibi yangu peke yake, aliyepofushwa na ndui ujanani, alimwendea daktari na fimbo yake, akanyoosha mkono.

Askari mmoja akamwambia, “Bibi, wewe ulishaugua, huhitaji.”

“Najua,” akasema. “Mimi siwaoni waliojificha, lakini wao wananiona.”

Mahindi yakatikisika, akatoka mtu, akatoka mwingine, kisha mama na mimi. Kovu ninalo mkononi. Ukija likizo, uliguse.

Bibi yako