Kiti cha Dereva

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeanza kituo kipya cha kutafutiwa kazi. Nimepewa kocha wangu wa tatu tangu kiwanda cha kufulia kifungwe. Ndiyo, wanawaita makocha. Utadhani tunacheza ligi! Huyu anaitwa Isra, binti mdogo, kazaliwa hapahapa Stockholm, sauti ya upole. Kabla sijavua koti vizuri ameshanifungulia kwenye kompyuta kazi za usafi hotelini. Nikasema hapana. Akafungua kazi za usafi shuleni. Nikasema hapana. Akauliza, basi, wewe ungependa nini?

Dereva wa basi.

Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Nikamweleza kwamba kule kiwandani sikuwa nikifua tu. Miaka minane nimeendesha gari la mashuka, nikizunguka mahoteli ya mjini kwenye theluji na lile giza la Januari. Sijakwaruza hata kioo. Leseni ninayo. Kiswidi ninacho, hata kama kina lafudhi ya Songea. Akasema kuna mafunzo ya udereva wa basi yanaanza Januari, ya bure, na ukifaulu kampuni ya mabasi inakuajiri. Ila kundi letu limepewa nafasi mbili tu, na kabla ya hapo kuna usaili. Ushindani ni mkubwa, Paskalia, akaongeza.

Niandike, nikamwambia.

Nina miaka arobaini na tisa. Vyoo vya watu nimesugua vya kutosha. Sisugui tena!

Alhamisi, 6 Novemba

Leo CV. Isra anataka nijisifu. Anasema niandike kwamba mimi ni kiongozi, napenda changamoto, nina nguvu. Nikamwambia kwetu mtu akijitangaza hivyo tunamtazama mara mbili, labda ana deni la kuficha. Akacheka. Mwishowe tukaandika: mtulivu barabarani. Hiyo ni kweli. Barabarani.

Jumanne, 11 Novemba

Usaili umepita. Na nani namkuta ukumbini? Mzee Gervas!

Sikujua hata kama ameomba. Najua ghala alikofanya kazi lilihama na yeye akabaki bila kazi, yeye na forklifti yake. Lakini udereva wa basi, miaka sitini na moja! Nikampa shikamoo, akaniitikia kwa furaha, akaniuliza habari za binti yangu Anitha. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipokuja kwenye mafunzo ya kanisa, mgeni na begi moja. Nimelala kwake Rissne miezi na miezi. Nilipoolewa baba yangu alikuwa Songea hana viza, mzee Gervas ndiye aliyenishika mkono mpaka madhabahuni. Ndoa haikudumu. Mzee yupo.

Walituweka watu watano kwenye meza moja. Pembeni mwanamke na mwanamume wa kampuni ya mabasi, na daftari zao, wametukodolea macho. Swali: basi limezimika barabara kuu, giza, theluji, abiria wanataka kushuka. Mtafanya nini?

Mimi jibu ninalo mdomoni. Lakini mzee yuko hapo, nitaanzaje kuongea kabla yake? Nikangoja. Akaanza. Akaongea taratibu, kwa heshima, akawashukuru waandaaji. Kisha akasema abiria washuke wote watembee kwa mstari mpaka njia ya kutokea barabara kuu.

Mungu wangu. Watu gizani, malori yanapita!

Sasa ningefanya nini? Nimpinge mbele ya vijana? Yule Kuria, kijana wa Kikenya aliyekaa mbele yangu, alishaanza kutabasamu. Nikafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Nikamwinamia mzee, nikamnong'oneza kwa Kiswahili: baba, wabaki ndani, uwashe taa za hatari, upige simu kituo cha kuongoza mabasi, uwatangazie abiria kinachoendelea. Akaitikia kwa kichwa. Akakohoa. Akasema kwa Kiswidi kizuri kabisa kwamba amefikiri upya, akayasema yote, moja baada ya jingine. Wale wawili wakaandika mbiombio.

Nimerudi nyumbani Jordbro nimeridhika. Mzee hakuaibika, na jibu sahihi limetoka mezani kwetu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekosa.

Waliopata ni Kuria na mzee Gervas.

Isra alinisomea maoni yao, alikuwa hanitazami. Gervas: anasikiliza, anakubali kubadili mawazo, kiongozi wa asili. Paskalia: kimya, hashiriki, na alikuwa akizungumza lugha nyingine mezani.

Lugha nyingine! Hiyo lugha nyingine ndiyo waliyoipigia makofi!

Nikafunga zipu ya koti. Isra akadhani nimekubali matokeo, akanitolea karatasi ya praktik, yaani kufanya kazi bila mshahara ili waone kama unaweza kufanya kazi. Hoteli. Vyumba. Miezi mitatu, kuanza Jumatatu. Nikaisukuma ile karatasi upande wake wa meza. Akanieleza kwa upole kwamba nikikataa analazimika kuripoti, na nikiripotiwa wanaweza kunikatia posho ya wasio na kazi.

Ripoti, nikamwambia.

Naogopa. Naandika wazi, hapa hakuna anayesoma. Kodi hainisubiri. Lakini nikiingia kwenye vile vyumba sitoki tena, najijua.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwambia Anitha. Akaacha kula. Varför sa du inget, mamma? Kwa nini hukusema kitu? Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia babu yako Gervas hakosolewi hadharani. Akaniuliza kama abiria wangekufa kwa heshima. Nikamwambia anyamaze ale. Miaka kumi na sita, mdomo kama wembe. Sijui kautoa wapi.

Halafu jioni simu. Mzee mwenyewe. Ametoka kanisani, anacheka, sauti imejaa. Anasema asante sana mwanangu kwa ule mnong'ono, ulinivusha pale. Anajua! Anajua vizuri kabisa, wala haoni tatizo. Kwake ni kama nimembebea mfuko wa sokoni. Nikasema hongera baba. Nikakata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kilichoniuma zaidi ni ile hongera. Ilitoka yenyewe.

Jumatatu, 17 Novemba

Sikwenda hotelini. Nilikwenda kwa Isra, bila miadi. Mapokezi wakaniambia niweke miadi kwa simu. Nikakaa kwenye kiti. Wakaniambia tena. Nikatoa chapati yangu nikala. Mwishowe Isra akatoka mwenyewe.

Nikamweleza kila kitu. Nani alisema nini, kwa sikio lipi. Akaniuliza kwa nini sikusema kwa sauti tu, kila mtu asikie. Nikamuuliza, wewe ukiwa na wazazi wako, mjomba wako akikosea mbele ya wageni, unafanyaje? Akasema: mama yangu angeniua. Tukacheka wote wawili, halafu hatukucheka.

Anasema utaratibu hauruhusu kurudia usaili. Nikamwambia sitaki utaratibu, nataka dakika tano na wale watu wawili. Akauma kalamu. Mkataba wake mwenyewe unaisha mwezi ujao, aliniambia, hajui kama wataurefusha. Lakini akanyanyua simu nikiwa palepale. Sijawahi kumpenda kocha. Huyu nimempenda kidogo.

Jumatano, 19 Novemba

Jibu. Wale wawili wa kampuni ya mabasi wanakuja Jumanne ijayo. Wamekubali kunisikiliza, lakini kwa kuwa inamhusu Gervas, naye awepo. Kuria haguswi. Nafasi iliyobaki ni moja. Swali jipya, meza moja, mimi na mzee.

Mezani naye! Yaani wanataka nimvue nguo mzee mbele ya macho yake. Isra anasema njia nyepesi ni moja: Gervas mwenyewe aseme kwamba yale maneno yalikuwa yangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda Rissne.

Nilibeba maandazi, mikono mitupu siwezi. Mkewe akanikumbatia, chai ya tangawizi, picha za wajukuu. Mzee akaanza na habari za kwao Bukoba, nani kafa, nani kajenga. Nikaitikia. Vikombe vikajazwa tena. Nikajiona kabisa naelekea kuaga bila kusema neno, kama kawaida yangu. Mkewe alipokwenda jikoni nikasema. Nilimtazama miguuni, lakini nikasema. Baba, Jumanne naomba uwaambie kwamba mimi ndiye niliyekwambia.

Akaweka kikombe chini.

Akasema: mwanangu, ulininong'oneza mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Akasema vijana ghalani walishaanza kumwita farfar, babu, hata kabla halijahama. Wewe utapata kingine, akasema, bado una nguvu. Mimi hii ndiyo ya mwisho. Nyumbani mchana kutwa, mama yenu ananizunguka kama kabati.

Nilimwonea huruma. Nampenda mzee huyu. Angeniomba figo ningefikiria.

Nikamwambia: kingine chenyewe ni choo, baba.

Akawasha televisheni. Mimi nikachukua koti langu. Mkewe akaniita kutoka jikoni, kaniwekea chakula kwenye kopo nibebe. Nilishafika kwenye ngazi. Sijawahi kutoka nyumba ile bila kuaga. Kwenye treni nililia mpaka mama mmoja akanipa karatasi ya kufutia. Nalia, na sibadilishi mawazo. Vyote viwili vinawezekana.

Jumatatu, 24 Novemba

Isra kapiga. Ripoti ya hoteli ameishikilia mpaka kesho jioni, hawezi zaidi ya hapo. Anitha kaninyooshea blauzi. Kaining'iniza mlangoni.

Jumanne, 25 Novemba

Niko kwenye korido ya kituo. Naandika huku nikingoja.

Mzee Gervas amefika. Suti ileile ya siku ya harusi yangu. Nikasimama, shikamoo. Marahaba, akasema, akakaa karibu yangu kana kwamba Jumamosi haikutokea. Akauliza habari za Anitha. Nzuri. Akatazama saa. Isra alipita na mafaili, akanitupia jicho, akaingia ndani.

Kisha mzee akanisogelea. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: mwanangu, tukiingia kaa upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto siku hizi halisikii vizuri.

Nilimtazama usoni. Hatanii. Hana hila yoyote, ndiyo balaa lenyewe! Anaamini nitamwambia. Kwa nini asiamini? Miaka kumi na tisa nimekaa upande wake wa kulia.

Nikamjibu: baba, leo nitasema kwa sauti. Utasikia popote nitakapokaa.

Anageuza kofia yake mapajani, anaizungusha. Nataka kumshika mkono. Nikimshika nitamhurumia, na nikimhurumia nitanong'ona. Simshiki.

Wametuita kutoka ndani. Majina yote mawili, langu kwanza. Mzee hajainuka bado, anafunga vifungo vya koti polepole, anajua kwamba nitasubiri apite yeye. Isra hajaja kufungua. Nimekwishasimama. Mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango, huu mwingine ndio unaoandika.