Jiwe la Kusagia na Nyundo ya Burito

Kitendawili, Yuliana! Nina bikizee nyumbani, kila siku anatafuna ulezi na hajawahi kumeza.

Usinipe mji, sina subira leo. Ni jiwe langu la kusagia, lile la marehemu mama mkwe. Nimelificha chini ya kitanda.

Nimeaibika mbele ya jumuiya nzima ya hapa Buhare! Hata kukaa siwezi, nazunguka tu uani.

Si unamjua mjukuu wangu Robi, anayesoma falsafa chuoni? Jana aliniambia wasomi wa sasa wanasema vitu siyo maiti kama tulivyodhani, kwamba hata jiwe huenda lina chembe ya akili. Nikamcheka mpaka machozi.

Leo tuko kwenye sala hapa kwangu, fundi Burito akalichukua jiwe langu alipasue kwa ajili ya msingi wa choo. Choo, Yuliana! Na mimi mwenyewe ndiye niliyemruhusu achukue mawe ya uani. Akainua nyundo. Nikapiga kelele katikati ya Baba Yetu: "Acha, linasikia!"

Linasikia! Mimi, mwenyekiti wa jumuiya!

Gati wa kwaya akacheka: "Bibi karudia matambiko."

Nikawauliza, "Kwani nyie mna hakika halisikii?"

Wakamaliza sala wakiangalia chini. Nikajua uenyekiti umekwenda.

Wakati wa kuondoka, Esther, mke wa katekista, yule mkali, akanishika mkono getini.

"Langu walilijengea kwenye kizingiti," akaninong'oneza. "Sijawahi kulikanyaga, mama. Nalirukaga."