Saa Mbili na Nusu Juu ya Nguzo ya Simu

Mpendwa Baba,

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Nalisema sasa mbele ya watu, kwa kuwa mbele yako nilishindwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Timau, kwenye mteremko wa mlima. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kompyuta kuukuu, na barua yangu ya kukubali ufadhili wa masomo ilipaswa kufika ng'ambo kwa baruapepe kabla ya saa kumi na moja jioni. Asubuhi ile niliiwekea kompyuta toleo jipya la programu zake, nikidhani najitayarisha vyema. Saa nane nilipojaribu kuiunganisha na Nairobi kwa simu, modemu, kifaa cha kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ilikaa kimya.

Wewe, fundi wa simu mstaafu uliyezisimika nguzo za mteremko ule kwa mikono yako, uliinua mkono wa simu ukasikiliza.

"Laini iko hai, mama."

Uliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yako, Kananu, kama ilivyo desturi yetu Wameru. Kwa sababu hiyo hiyo hukuwahi kunigombeza.

"Ya kuongea, ndiyo. Kompyuta inataka laini safi zaidi."

"Hapo kwa kioo imeandika nini?"

"Haipati modemu."

"Haipati modemu, ama haipati laini?"

"Baba, ni kitu kimoja!"

Ulinitazama kidogo. "Sawa. Mimi ni nani nibishane na mama yangu?"

Ukachukua koleo na mkanda wa kupandia nguzo, ukatoka nje kwenye manyunyu ya baridi. Baadaye nikamsikia Mama akikufokea.

"Baba Kananu, shuka! Si ulistaafu? Ukianguka nani atakulipa?"

"Nikianguka nitaanguka kazini!"

Majirani walicheka. Mimi nilikuwa naitazama saa.

Saa tisa na nusu niliyasoma tena yale maneno, safari hii polepole. Modemu, si laini. Toleo jipya lilikuwa limeiondoa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua modemu. Nilipekua masanduku hadi nikaipata disketi iliyokuja nayo, nikairudisha draiva, nikaiwasha mashine upya. Ilikwama mara mbili. Saa kumi na dakika arobaini modemu ikalia, ikaunganika, na barua ikaenda.

Uliingia ukitetemeka.

"Imekubali?"

"Imekubali, Baba."

"Kulikuwa na kiungo kimelegea nguzo ya tatu. Nimekikaza."

Uso wako uling'aa, nami nikakuacha uamini hivyo. Nilipokuwa masomoni, Mama aliniandikia kwamba unawasimulia wazee sokoni jinsi ulivyompeleka binti yako ng'ambo kwa koleo.

Huenda ilikuwa kweli. Huenda bila mkono wako modemu ingeunganika na kukatika. Sikuijaribu laini kabla hujapanda, hivyo sina ushahidi. Huenda pia ulijua yote ukanisitiri. Lakini nayashuku mawazo haya, kwa kuwa yote yananipunguzia mzigo.

Hili moja halina shaka. Saa tisa na nusu nilipoligundua kosa langu, ulikuwa bado juu, umelowa, na umri ule. Niliogopa kupoteza hata dakika moja nikikueleza. Dirisha lilikuwa wazi, Baba. Ningeita mara moja tu, ungenisikia.

Pumzika, fundi.

Binti yako