Filamu ya Mzee Chokaa na Damu ya Yusra

Rusimbi,
Kigoma.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Musa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kirando, injini za watu zinawaka na mgongo wako umeacha kukusumbua. Desturi ni wewe kunipa shikamoo na mimi kuitikia marahaba. Safari hii izuie kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu utaamua mwenyewe kama ninaistahili.

Hapa nyumbani Hasna hajambo, na kichanga chetu kinanyonya mpaka kimetoa mashavu. Bati la jikoni lililokuwa linavuja nimelibadilisha. Idi tumekula kama watu wengine, ingawa pilau yangu niliiacha sahanini.

Sasa Yusra. Mwanao yu hai. Nimeanza na neno hilo ili usikae matanga kabla ya wakati. Lakini yuko wodi ya watoto tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Selimundu yake imemshika mifupani na damu imeshuka mpaka nne na nusu. Anahitaji chupa mbili, na sababu ya kuzikosa ni mimi kaka yako. Simu yako wiki ya tatu sasa haipatikani. Oswald, nahodha wa boti ya mizigo, ameniambia mnara wa huko umeharibika, ndiyo maana nimempa barua hii. Anaondoka Kibirizi kesho baada ya swala ya Ijumaa.

Ningeweza kumtuma akwambie kwa mdomo tu. Nimeogopa. Neno likipita mdomoni mwa mtu huongezwa chumvi, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote Kigoma, kwa kuwa kuongeza chumvi ndiyo kazi inayonilisha.

Unakumbuka damu ya mwanao ilikuwa inatoka wapi. Tangu marehemu mkeo Ashura atutoke, nawe ukaniachia mtoto ukaenda kutafuta, kila damu ilipopungua nilisimamisha filamu kwenye banda langu la video, nikashika maiki, nikasema mtoto wetu wa banda anahitaji chupa mbili. Sijamaliza kusema, wameshasimama wanne, watano. Bonifasi fundi baiskeli ametoa mara sita, na mara zote alikataa hata soda. Wazazi wengine pale wodini walikuwa wananionea wivu.

Mwezi wa tatu Wilfred, yule wa duka la simu, aliniletea kwenye flashi filamu ya vichekesho iliyotengenezwa kutokana na tamthilia ya zamani ya televisheni. Jumba la mawe lenye minara, popo, radi kila dakika, na ndani yake ukoo wa wanyonya damu waliofilisika mpaka wakaamua kupangisha vyumba. Mzee wao ni mweupe kama ukuta uliopakwa juzi, nikambatiza Mzee Chokaa. Ana kiu, nyumba imejaa shingo za wapangaji, lakini anaona haya kumng'ata mtu aliyelipa kodi. Basi mtumishi wake anahangaika kumtafutia damu ya chupa. Hapo ndipo penye kicheko.

Kazi yangu unaijua, kuwatafsiria watu filamu kwa maiki. Lugha yao siielewi sana. Natazama midomo inavyokwenda, najaza ya kwangu. Siku ya Idi ndogo banda lilifurika. Mtumishi akaingia na kikapu cha chupa, watu wakacheka kidogo tu, si kama nilivyotaka. Nikajaza. Nikamfanya aseme, "Kunywa, Mzee, usiogope. Hizi zimetoka hospitalini. Wale wajinga wa bandani wanazitoa bure, sisi tunaziwekea barafu." Musa, watu walianguka kwenye mabenchi. Wakataka nirudishe kipande kile, nikakirudisha mara tatu. Ni uongo nilioutunga palepale kwa sababu kicheko kilikuwa kimepungua. Hakuna hospitali iliyofanya jambo hilo.

Filamu ikiisha huwa nawasha taa na kumpa maiki anayetaka kutoa maoni, na siku ile maoni yalikuwa mengi. Happiness, mama ntilie, alisema Mzee Chokaa ni mwanaume mvivu tu, ana vyumba ishirini na bado analia njaa. Bonifasi alimhurumia yule mtumishi, hapumziki hata Jumapili. Pastory muuza mitumba akasema hii ni bora kuliko zote nilizowahi kuonyesha, maana imesema kweli bila kumwogopa mtu. Nikamuuliza kwa mzaha ni kweli gani hiyo. Akajibu kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza zile chupa huwa zinakwenda wapi. Watu wakaguna. Nilikuwa nimelewa sifa, sikuutilia maanani mguno ule.

Aliyepinga alikuwa mmoja, Mama Marcelina wa Mwandiga, yule aliyekuwa mpishi wa mapadri Bujumbura. Tamthilia yenyewe aliiona kwenye televisheni ya mapadri, tena yote. Alisema kule mzee yule hakuwa mlafi wala mwizi, alikuwa mgonjwa mwenye aibu, nami nimemharibu. Mama yule kila filamu husimama kunikosoa. Watu wakamzomea, na niseme ukweli, mimi ndiye niliyeanza, kwa maiki.

Haikupita wiki mbili neno langu lilikuwa limefika Ujiji na Bangwe, tena limenenepa. Zile hadithi za mumiani tulizotishwa nazo utotoni zikafufuka, safari hii zikiwa na jina la banda langu. Katikati ya mwezi wa nne damu ya Yusra ilipungua, nikashika maiki, hakusimama mtu. Nikajidanganya kwamba ni uchovu tu. Nikaenda kutoa yangu, na ndiyo maana sasa wananikataa mpaka miezi mitatu itimie. Hasna ananyonyesha, naye hawamkubali. Wiki iliyopita nikashika maiki tena. Hakuinuka hata mmoja.

Nikamfuata Bonifasi kwenye kijiwe chake. Hakunifukuza. Aliweka chini pampu, akafuta mikono muda mrefu, akasema, "Kaka Zubery, Yusra ningempa hata figo. Lakini si wewe mwenyewe uliyesema haimfikii?"

Siku ya Idi kubwa nikaweka filamu ileile, bila kiingilio. Tulipofika kwenye kikapu nikasimamisha picha, nikawaambia nilitunga, nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mtoto yuko wodini na chupa haijapatikana hata moja. Wakacheka. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nililia kwenye maiki, ndugu yangu, kilio cha kweli cha makamasi, na kwenye maoni Pastory akasema leo Zubery ameigiza kuliko siku zote. Nilikaa peke yangu kwenye benchi la mbele nikatamani ningezaliwa bubu.

Jumatatu asubuhi Mama Marcelina akanikuta nje ya wodi. Ametoka Mwandiga bila kuitwa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikaanza kumwomba radhi kwa kumzomea, akanikatisha. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "mimi sijawahi kuamini neno lako hata moja. Nionyeshe wanapotolea." Ana miaka hamsini na minane. Wakampima, wakamkubali, akatoa. Nikadhani Mungu amenisamehe.

Hapa ndipo panaponishinda kuandika.

Ile filamu nilikuwa nimempa Yusra kwenye simu yangu tangu mwezi wa nne, aitazame kitandani asahau maumivu. Ameitazama mara nyingi. Mimi niliona mtoto ametulia. Sikuona kwamba hacheki. Wala sikujua kwamba shuleni wenzake walikuwa wameshampa jina, Mnyonya Damu, kwa kuwa kila baada ya muda anapewa damu ya watu. Hakuniambia. Angeniambiaje mimi?

Jumanne nesi Regina akaleta chupa. Yusra akauliza ni ya nani. Nikamwambia kwa furaha, ni ya Mama Marcelina. Akavuta mkono, akasema hataki tena kunywa watu. Tukambembeleza, akapiga kelele. Nesi alipomshika akamuuma kwenye kifundo cha mkono, akamuuma kwelikweli, damu ikatoka. Akaitazama ile damu, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akanigeukia.

"Umeona, baba mkubwa?"

Mimi ninayeweza kusemea watu saba kwenye filamu moja, mzee na mkewe na mbwa wao, nilichukua pamba nikaanza kumfuta nesi mkono.

Tangu hapo hajauondoa mkono mdomoni. Akilala, anaushikilia kwa mkono wa pili. Uji anakataa, maji hanywi mpaka tutoke nje wote. Nesi Regina, Mungu ambariki, amekuja kukaa naye, amemwonyesha mkono unavyopona, amemwambia hana kinyongo. Yusra akasogea mpaka ukutani ili asije akamuuma tena. Chupa ya Mama Marcelina imehifadhiwa kwenye friji la hospitali. Daktari amesema damu ikishuka chini ya nne hatangoja ridhaa ya mtoto, atamfunga mikono amwekee. Atakuwa amefanya sawa. Lakini huyu mtoto akifungwa kitandani na kutiliwa damu kwa nguvu, nani atakuja kumwambia kwamba yeye si kitu kile?

Mimi nimejaribu. Nimemwambia ni filamu, ni vichekesho, ni uongo nilioutunga kwa mdomo wangu. Akanijibu taratibu, "Na sasa hivi hutungi?" Nimelifunga banda tangu juzi. Watu wanapita wanauliza Mzee Chokaa ataonyeshwa lini tena.

Kwa hiyo naomba vitu viwili. Cha kwanza ni damu yako, maana chupa ya pili bado haijapatikana. Cha pili siwezi kukipa jina. Wewe hujamwongopea. Ukimshika kichwa kama ulivyokuwa ukimshika na kumwambia yeye ni mtoto anayeumwa, basi, huenda akakuamini. Usisubiri boti ya Oswald igeuze. Panda gari la Namanyere mpaka Mpanda, kutoka Mpanda utapata basi la huku. Ukifika, kama utataka kunipiga, nipige, ila pita wodini kwanza.

Hasna anakusalimia sana, anasema kitanda chako kimetandikwa. Mama Marcelina anakusalimia. Anakuja kila siku na chupa ya chai, na anamkemea kila anayeinua sauti. Bonifasi pia anakusalimia. Alikuja jana mpaka getini, akarudi, leo amekuja tena amekaa nje. Sijamwambia neno lolote, naogopa kuongea nikamfukuza. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akulinde na mabonde ya huko, akufikishe mtoto akiwa bado na nguvu ya kukutazama.

Nimemaliza kuandika nikiwa pembeni ya kitanda chake. Nimemuuliza Yusra nikupe salamu gani kutoka kwake. Amefikiri kwanza, halafu amesema kwa nyuma ya kiganja, "Mwambie baba akija asimame mlangoni. Asije karibu."

Musa, nakuomba, usimsikilize.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata kama baada ya kusoma haya utashindwa kunipenda,

Zubery