Kesi Iliyohamia Musoma

Mjukuu wangu Wakuru,

Huku Mugeta hatujambo. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume. Wewe msomi wa sheria umeniuliza kwa nini nilikubali kesi yangu ya deni itoke Bunda, wakati mfanyabiashara yule wa Musoma alichukua mtama wangu kwa mkopo hapahapa kijijini.

Alipodai mahakama ya Bunda haina mamlaka, jibu nilikuwa nalo, nikanyamaza. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na babu yako hakuniruhusu kusafiri bila samansi. Mama yangu aliishi Mwisenge, palepale Musoma. Kila tarehe ya kesi nilikuwa nalalaga kwake, ananipikia sato. Nilikuwa nikiomba moyoni kesi iahirishwe tena.

Siku mdaiwa alipolipa nililia kortini. Hakimu akasema, “Mama amefurahi.”

Wewe njoo tu, usingoje kuitwa.

Bibi yako