Mbao Nne za Marimba ya Baba

Malangali, Sumbawanga
29 Mei 2025

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Nimekukosea, kaka. Ninalisema mwanzoni kabisa nisije nikaishia kwenye salamu, kama ninavyofanya kwenye simu miaka sita sasa. Habari za Kirando? Kifua kinaendeleaje? Sharon na watoto wake hawajambo? Sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza.

Sasa sikiliza, maana tangu Jumanne sijatulia. Kuna mwalimu ametoka Mbeya, anaitwa Faith, anatusaidia kwaya. Simu yake inapima sauti. Nikamwekea ile rekodi ya zamani ya harusi ya Cornelia, wewe unapiga marimba aliyochonga baba, nikamwonya kabisa kwamba chombo kile hakikukaa sawa. Akapima ubao kwa ubao. Akanieleza kwamba kwenye kinanda, kutoka kitufe mpaka kinachofuata, cheupe au cheusi, mashine inahesabu vipande mia. Marimba ya baba kila hatua ni vipande mia mbili na arobaini. Zidisha mara tano, kaka! Elfu moja na mia mbili, ndipo sauti inajirudia juu. Kinanda kinafika hapohapo kwa vitufe kumi na viwili; baba alifika kwa hatua tano zilizo sawa, kwa sikio tu. Faith akaniambia, "Mwalimu, huyu fundi hakukosea hata mahali pamoja."

Kumbe hata kinanda chetu kinakubali kushushwa na kupandishwa kitufe kimoja kimoja. Ninacho miaka yote, sikujua. Faith akakipanga kwa vipimo vya marimba. Nilipopiga, Mama Alphonce aliacha kufagia akauliza Fabiani amerudi lini. Kina mama wakadakia ule wimbo wa mavuno, sauti zikakaa zenyewe. Nilikuwa nawagombeza kila Jumamosi kwamba wanashuka, kumbe waliimba mahali ambapo kinanda changu hakina kitufe.

Kaka, siku ile ya Jubilei, wakati wa matoleo, marimba ilipokukataa ukasimama ukasema mbele ya watu, "Masikio yangu yamekufa," masikio yako yalikuwa mazima. Ni mimi. Siku mbili kabla, ulipokwenda shamba, nilizikwangua mbao nne zifuate kinanda. Zilizokuwa na sauti ya juu kuliko kinanda nilizikwangua tumbo zishuke, zilizokuwa chini nikazipunguza ncha zipande. Kisha nikapaka mafuta usione mkwaruzo. Ulipotoka kanisani mimi niliendelea kupiga kinanda. Ukaacha muziki, ukahamia huko kuanika dagaa, nami nikakwambia ni umri tu.

Mama Alphonce na kwaya nzima wanakusalimu sana. Nisalimie Sharon, na watoto uwape pole kwa baridi ya ziwa, kama ipo.

Mbao nne za mninga nimeshakata, nimeziacha nene, sauti yake sijaigusa. Tarehe 8 Juni, baada ya misa, nitasimama mbele ya kwaya niseme nilichokufanyia. Na Jumamosi tarehe 14 nitakuwa mlangoni kwako na mbao hizo na patasi. Mimi nitashika, wewe utakwangua, mpaka utakaposema zimefika.

Mdogo wako,
Theodory