Daraja la Dhahabu Alilolitaka Baba Mkubwa

Mama yangu mpenzi,

Nilitaka nianze kwa kukuombea rehema, na nimekuombea, lakini hasira imenikaa kooni, na wewe unanijua, siwezi kuandika huku nimemeza kitu. Barua hii naiandika wazi. Ajuaye kusoma atamsomea asiyejua, mpaka imfikie Baba Mkubwa pale barazani kwake, anapokaa kutwa nzima akiwaambia watu kwamba sisi wanawake tumefukia mali ya ukoo. Mali ya ukoo! Yaani meno yako, mama.

Yeye hadithi hii huianza katikati. Mimi nitaianza mwanzo, kwa sababu nilikuwepo.

Tulikuwa tunakwenda Mpui kwa babu, wewe na mimi, tumepanda lori la Baba Mkubwa lililokuwa likifuata mahindi. Nilikuwa nimepakata kikapu cha sukari na chumvi ulizomnunulia bibi. Lori likazimika kwenye mwinuko, barabara yote tope, na utingo siku hiyo alibaki mjini anaumwa. Baba Mkubwa hakunyanyuka kwenye kiti. Alishika usukani kama bwana harusi, akakuambia, "Shemeji, wewe umekulia kwenye jembe. Hebu shuka upige hendeli." Ukashuka, ukafunga kanga vizuri, ukakichomeka kile chuma cha kuwashia injini mbele ya lori, ukapiga. Ukapiga tena. Kisha ile hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu ikakupata mdomoni.

Nilikukuta umekaa kwenye tope, kanga imelowa damu, jino lako la mbele liko kiganjani. Na yeye akatoa kichwa dirishani akauliza, "Je, imewaka?"

Hakuuliza kingine, mama. Mjini akaeleza kwamba uliteleza kisimani, na wewe ukanyamaza, eti kumstahi shemeji yako. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikasirika siku ile na mpaka leo sijamaliza.

Ukawa mwanamke wa kuziba mdomo. Wateja wakija dukani kwetu Majengo, unawapimia sukari huku ncha ya kanga iko midomoni. Ulipenda sana kucheka, na ukawa unachekea pembeni, umegeukia rafu za vitambaa. Baba akamwendea kaka yake, akamwambia kwa upole kwamba jino lile liling'oka kazini kwake. Akajibiwa kwamba lori linabeba magunia, halibebi meno. Basi baba akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Wewe ukavua bangili za dhahabu za mahari yako, ukaziweka mezani, ukasema, "Hizi ni zangu. Nitazivaa mdomoni."

Kiangazi kilipofika akaja yule daktari wa meno, Mhindi wa Mbeya, na sanduku lake na mashine yake ya kukanyaga kwa mguu. Nilisimama nyuma ya kiti chako nikimwona akiyachonga meno yako mawili mazima, moja kulia na jingine kushoto kwa pengo. Nililia. Nilidhani amekosea jino. Akanionyesha kwa subira: yale mawili yangevishwa kofia za dhahabu, na kati ya kofia hizo lingening'inia jino la tatu lisilo na mzizi, na yote matatu yangeshikana kwa viungo viwili vidogo, hata punje ya ulezi ni kubwa zaidi. "Watu wanatazama meno," alisema, "lakini daraja ni hivi viungo. Kikiwa chembamba kitakatika. Kikiwa kinene chakula kitanasa na ufizi utaoza."

"Daraja bila mto!" ulisema, na ganzi yako mdomoni, mate yanakutiririka, ukacheka mpaka akakuomba ufunge mdomo.

Tangu hapo nilizoea kukuona kila baada ya ugali wa ulezi umekaa kwenye kigoda uani, na uzi uliousugua nta ya nyuki, unaupenyeza chini ya lile jino la katikati, unauvuta huku na huku. Ulinifundisha na mimi kukusafishia ulipoanza kuumwa na mikono kutetemeka. Ulifungua mdomo kama kifaranga na bado ukataka kuniambia habari za jirani. Nilikugombeza, "Mama, nyamaza, nitakuchoma!" Ningetoa nini leo nikugombeze tena.

Na dukani ukarudi kucheka ukiwatazama watu usoni. Baba alipofariki ulikaa eda yako, ulipotoka ukafungua duka siku ileile, na Baba Mkubwa akaanza kupita. Anapita, anakutazama mdomoni, anasema kwa sauti ya mzaha, "Shemeji amekalia dhahabu ya ndugu yangu." Dhahabu ya ndugu yake! Bangili ulizovalishwa siku ya ndoa, mbele ya baba yako aliyetoka Mpui kwa miguu, zimegeukaje kuwa za ndugu yake? Ulitabasamu tu, na nilidhani hukusikia.

Kisha kifua kikakushika, na katikati ya maradhi hayo kiungo cha kushoto kikakatika. Nilikisikia kwa ncha ya uzi, umepita pale ambapo haukuwa ukipita. Kofia ya upande ule ikawa inacheza. Nikakuambia si kitu, utakula laini, utapona kwanza. Hukukubali. Daktari alikuwa amekuja mjini, na wewe ukataka kwenda, kwa baridi ile ya Sumbawanga inayopenya hadi kwenye mifupa ya mzima, sembuse mgonjwa. Baba Mkubwa alitukuta njiani, umeniegemea, unapumua kwa shida. Akasimama, akatucheka. "Mtu anaumwa kifua anakwenda kutengeneza meno! Utacheka na nani kaburini, shemeji?"

Sikumjibu kwa sababu ulinibana mkono. Mpaka leo mkono unaniwasha.

Daktari alilegeza daraja lote, akalitazama, akakupa shauri jema. Alisema kwa hali yako asingelilehemu tena. Angekuwekea kila upande kiungo cha kuchomeka, kijiulimi kinachoingia kwenye kijishimo, ili mwanao aweze kulichomoa lile jino la katikati, alisafishe, alirudishe. Nilifurahi, maana kazi ingekuwa nyepesi. Wewe ukatikisa kichwa. "Hapana, daktari. Lehemu kotekote. Sitaki kitu cha kuchomoka."

"Mama, itakuwa taabu kusafisha," nilikuambia.

"Taabu hiyo si ya muda mrefu," ulinijibu, kisha ukafungua mdomo.

Nilinuna njia nzima. Nilidhani ni ule ubishi wako wa Kifipa.

Ukatutoka baridi ikingali kali. Tulikuosha chumbani kwako, mimi na Bi Mwanaidi, yule anayewaosha marehemu wanawake wa Majengo yote, na mlango tumeufunika kwa shuka. Hata maji hayajapoa, nikasikia sauti ya Baba Mkubwa nyuma ya shuka. Hakusema pole. Alisema, "Ile dhahabu itolewe kabla ya sanda. Ni mali, haizikwi." Na chini ya shuka ukaingia mkono wake, umeshika koleo. Koleo la lori, mama. Lilikuwa na grisi bado.

Nilitaka kumpiga nalo. Wallahi nilitaka. Bi Mwanaidi akanizuia, akamjibu yeye bila kupandisha sauti. "Shehe wetu alishatufundisha. Kinachotoka bila kumuumiza, kitatoka na watapewa warithi wake. Kisichotoka mpaka avunjwe, hakiguswi. Maiti havunjwi."

"Basi jaribu," akasema yeye. "Upande mmoja ulilegea, na cha kutengenezwa hakishiki kama kipya. Niliuona kwa macho yangu ukicheza."

Ameuona! Wewe uko kitandani unatafuta pumzi, yeye amekuja kukutazama, kumbe anatazama meno. Hapo kila kitu kilikuwa juu ya vile viungo. Ungekubali kijiulimi na kijishimo, dhahabu ya mahari yako ingechomoka kwa vidole viwili, na ungeshuka kaburini na lile pengo alilokupa yeye, umerudishwa kwenye lile tope la njia ya Mpui. Bi Mwanaidi alifunga kitambaa kidoleni, akakufungua mdomo taratibu, akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akainua kidogo kwa ukucha. Halikutikisika hata chembe.

"Limeshika," akasema. "Kulitoa hili ni kumng'oa meno yake mwenyewe. Chukua koleo lako, Bwana."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini sakafuni kwenye maji. Ulikuwa umemsikia kila alipopita dukani. Ulijua atakuja, na ulijua sheria, na kwa kifua kile, kwenye baridi ile, ulikwenda mwenyewe kufunga mlango. Na mimi nikakununia njia nzima!

Sasa anasema tumemnyima. Nataka asikie vizuri: wewe si mrithi wake, Baba Mkubwa. Shikamoo yako utaipata, kwa sababu mama alinilea, lakini mdomo wake hukuununua, uliuvunja tu. Hukulipa hata uzi wa kuusafishia. Ukitaka kusimulia watu habari za daraja lile, anza kwenye mwinuko, anza na hendeli, uwaambie neno la kwanza ulilolitamka alipoanguka. Nitakuja nikae pale barazani nisikilize.

Mama, duka nimelifungua. Uzi wako na donge lako la nta viko pale pale dirishani, sijaweza kuviondoa, na kila ninapokula ulezi mkono unavitafuta. Nina upweke ambao hasira inanisaidia kuubeba. Ikiisha sijui nitafanya nini.

Lakini jambo moja nakuomba. Alikuuliza mbele yangu utacheka na nani kaburini, na ulinibana mkono nisimjibu. Sasa huna tena wa kumstahi. Fungua mdomo wote, mama, umcheke yeye.

Ni mimi binti yako, niliyekupenyezea uzi.